Pikapu ya Mama Ina Kwikwi

Sekela anakaa Tukuyu, kwenye vilima vya migomba na majani ya chai. Ana miaka sita. Ana mapengo mawili, na masikio yake husikia kila kitu.

Mama yake ana pikapu ya zamani. Ni ya bluu, ila mlango mmoja ni wa kijani.

Siku hizo pikapu ilikuwa haiungurumi vizuri. Mama akiiwasha, ililia hivi:

Bru, bru, bru... ki.
Bru, bru, bru... ki.

"Injini inamisi," alisema Mama. "Kila mara inaruka pigo moja."

Mama akabadilisha plagi zote. Akasafisha hiki. Akakaza kile. Akawasha tena.

Bru, bru, bru... ki.

Jumamosi walikwenda kumchukua Bibi. Bibi alikuwa anahamia kwao, yeye na kitanda chake kikubwa cha mbao.

Lakini Bibi aliishi juu ya kilima kirefu. Pikapu ilipanda kidogo. Ikatetemeka. Kisha ikarudi nyuma polepole, mpaka kwenye migomba ya watu.

Mama akampigia Bibi simu. "Mama, tutakuja kesho."

"Haya," alisema Bibi. "Ila kitanda nimeshakitoa nje."

Kesho yake asubuhi, pikapu ilikuwa bandani. Mama alifungua boneti. Akaingiza kichwa ndani. Akasikiliza.

Sekela naye akasikiliza.

Bru, bru, bru... ki.

"Nimejua," alisema Sekela. "Ina kwikwi."

Mama hakumsikia. Sekela akakimbia jikoni. Baba alikuwa anamenya ndizi.

"Baba, kwikwi inatibiwaje?"

"Mtu anastuliwa," alisema Baba. "Ikistuka, inaondoka."

Sekela akarudi akinyata. Nya, nya, nya. Akajificha nyuma ya gurudumu. Kisha akaruka.

"BAA!"

Pikapu haikustuka. Mama alistuka. Kichwa chake kikagonga boneti. Ngo.

"Sekela."

"Abee, Mama."

"Unafanya nini?"

"Natibu."

"Nenda katibie kule."

Bru, bru, bru... ki.

Sekela akarudi jikoni.

"Kwikwi bado?" aliuliza Baba. Baba alidhani ni kwikwi ya Sekela. Sekela hakumwambia.

"Bado, Baba."

"Basi chukua kijiko kimoja cha sukari."

Sekela akabeba kijiko polepole, sukari isimwagike. Akatafuta mdomo wa pikapu. Akatazama mbele. Akatazama nyuma. Akainama akatazama chini.

Pikapu haikuwa na mdomo.

Sasa sukari ipotee bure? Sekela akailamba yeye.

Bru, bru, bru... ki.

"Bado?" aliuliza Baba.

"Bado. Lakini dawa ilikuwa tamu."

"Basi maji," alisema Baba. "Maji mengi."

Mengi. Sekela alilisikia vizuri neno hilo. Hakuchukua kikombe. Alichukua kopo kubwa la kuogea, akalijaza mpaka juu.

Mama alikuwa amekaa kwenye usukani, anakanyaga mafuta. Boneti ilikuwa wazi. Sekela akasimama mbali kidogo. Akarusha.

Mwaaaa.

Bru, ki. Bru, ki, ki. Ki, ki, ki, ki.

Mama akashuka. Macho yake yalikuwa makubwa.

Sekela akaficha kopo nyuma ya mgongo. Maji yalikuwa yanadondoka. To, to, to.

"Sekela, umemwaga maji kwenye injini?"

"Sijamwaga. Nimeinywesha."

Mama akafungua mdomo agombe. Kisha akaufunga.

"Kuna kitu kinalia," alisema Mama. "Unasikia?"

Sekela akatega sikio.

Tsi. Tsi. Tsi.

"Kinalia pale," alisema, akanyoosha kidole.

"Kaa hapo hapo. Usisogee."

Mama akainama. Bandani mlikuwa na giza kidogo. Mama akaona cheche ndogo ya bluu. Iliruka kutoka kwenye waya mmoja. Tsi. Ikaruka tena. Tsi.

Mama akazima injini. Akaugeuza ule waya. Upande wa chini palikuwa na ufa, mwembamba kama unywele.

"Waya huu unapeleka moto wa umeme kwenye plagi," alisema Mama. "Moto unatoroka njiani. Haufiki."

"Mtoro," alisema Sekela.

"Mtoro kabisa. Nimeutafuta wiki nzima."

Kisha Mama akamtazama Sekela. "Injini haimwagiwi maji."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Lakini leo..."

"Leo tu, maji yamemfichua mtoro. Lete hilo kopo."

Baba akatumwa dukani kununua waya. Alikwenda mbio, akarudi mbio. Mama akauweka waya mpya. Akakausha injini kwa kitambaa. Akawasha.

Bru, bru, bru, bru.
Bru, bru, bru, bru.

"Kwikwi imeisha," alisema Sekela.

Baba akamtazama Sekela. Akaitazama pikapu. Akamtazama Sekela tena.

"Na sukari yangu?"

"Pikapu haina mdomo, Baba."

Wakapanda wote watatu. Kilima kikaja. Sekela akashika kiti kwa nguvu.

Bru, bru, bru, bru. Wakaipita migomba. Bru, bru, bru, bru. Wakapita pale waliporudi nyuma. Bru, bru, bru, bru. Wakafika juu.

Bibi alikuwa nje, amekaa juu ya kitanda chake. Ameshika mwavuli. Kuku wake amelala kwenye mto. Mawingu yalikuwa meusi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nilidhani leo nitalala huku huku na kuku."

Wakapakia kitanda. Wakapakia mto. Wakampakia kuku. Bibi akakaa mbele. Mvua ilianza kunyesha walipofika nyumbani.

Usiku, Bibi alilala kwenye kitanda chake kikubwa. Alikuwa karibu kusinzia. Kitu kikaingia chini ya blanketi, polepole.

"Mguu huu wa baridi ni wa nani?" aliuliza Bibi.

Mguu ukajikunja.

"Nauliza, ni wa nani?"

"Wa Baba," ikasema sauti ndogo.

Chumba cha pili, Baba alikuwa anakoroma.

"Maskini," alisema Bibi. "Mwambie Baba asogee hapa, apate joto."

Sekela akasogea. Akapata joto. Akalala.