Wacera Akataa Kuvisha Kibao

Ilikuwa mwaka ule maziwa ya bure yalipoanza kuletwa shuleni. Jumatatu moja Wacera, wa darasa la sita, aliruka madimbwi ya Makongeni kama kawaida yake, akafika kengele ikilia. Alichosahau nyumbani ni chakula chake cha mchana. Saa nne, shangazi yake Teresiah alipotokea kwenye ua wa shule na bakuli la githeri, Wacera alifurahi akasahau alipo.

"Tata!" akamwita kwa Kikuyu, sauti ikavuka Barabara ya Jogoo ikarudi.

Hata bakuli hajalipokea, Nyamai, kiranja wao, alikuwa nyuma yake na kibao. Shule hiyo ilikataza lugha za nyumbani. Aliyesikika akizitumia alivishwa kibao cha mbao shingoni, wala hakivui mpaka amnase mwenzake. Kibao hicho kilikuwa kimezunguka shingo nyingi kuliko tai ya harusi ya kuazima.

"Karibu mkufu, mama," Nyamai akamcheka. "Ukiwa nacho jioni, Mwalimu Nahashon anakutoa kwenye mashairi."

Ijumaa wangeshindana na shule za mtaa wa Umoja, na kiongozi wa kikundi alikuwa yeye.

Mchana akatoka kuwinda. Lakini nani angefungua kinywa? Hata wasichana waliokuwa wakiruka kamba walihesabu kwa vidole. Mwishowe, nyuma ya tangi la maji, akasikia kilio.

"Tata! Namtaka tata!"

Alikuwa Kwamboka wa darasa la kwanza, goti likivuja damu.

"Unamlilia shangazi yako?" Wacera akauliza.

"Shangazi gani? Tata ni baba yangu! Yuko karakana ya reli."

Kumbe! Neno lile lile, kwa Wakisii lina ndevu. Wacera akashika uzi wa kibao. Shingo ya mtoto ilikuwa nyembamba kama ya kifaranga. Akauachilia uzi. Akamwosha goti, akampeleka darasani, kibao kikining'inia kifuani mwake mwenyewe.

Jioni wakajipanga mistari. Nyamai akainua mkono.

"Mwalimu, nilisikia mtu akilia kwa lugha ya kwao nyuma ya tangi. Wacera alikuwa huko, akamwachilia."

"Ni nani huyo?" Mwalimu Nahashon akamgeukia Wacera.

"Nilimsikia, mwalimu. Lakini simtaji."

"Basi mashairi uyasahau."

"Nitayasahau, mwalimu. Jina lake halitoki kwangu."

Mwalimu mkuu, Bi. Mumina, mzaliwa wa Lamu, akashuka ngazi za ofisi polepole.

"Wewe ulishikwa kwa neno gani?"

"Tata, mwalimu."

"Mbona hilo ni Kiswahili! Nyuzi zikijifunga mafundo, tunasema zimekuwa tata. Kwa nini hukumwambia kiranja hivyo akakuachilia?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ilibaki Wacera kupita tu. Akainua kidevu.

"Tata ya nyuzi naijua, mwalimu. Lakini mimi sikuwa nikisema habari za nyuzi. Nilikuwa nikimwita shangazi kwa Kikuyu. Na kesho akija, nitamwita vivyo hivyo."

Mtu akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Bi. Mumina akamvua Wacera kibao, akakitia kwapani.

"Mwalimu Nahashon, huyu ataongoza mashairi. Na kibao hiki anayekitaka aje anione mimi." Akawageukia wanafunzi. "Kwa Wacera tata ni shangazi, kwa Mkisii ni baba, kwangu mimi ni mafundo. Neno husafiri, likabadili nguo kila nyumba linamoingia, na hakuna nyumba ya kuonewa haya. Kiswahili tutakijua kwa kukizungumza. Kuviziana kumetufunza usaliti tu. Mmemwona mwenzenu? Alipewa uongo mtamu akaukataa, akapewa nafasi ya kumwuza mwenzake akaikataa. Msema kweli huenda akaadhibiwa, lakini halali na bei ya mwenzake mfukoni."

"Na mimi kiranja, mwalimu," Nyamai akauliza kwa unyonge, "sasa nitafanya kazi gani?"

"Kesho utawasimulia darasa la kwanza hadithi kwa Kiswahili," Bi. Mumina akajibu. "Na ole wako isiwe tamu."