Maziwa Si Viatu

Soila aliuza maziwa katika soko dogo la Levolosi. Wateja wake wengi walikuwa wanawake wenye watoto wachanga. Asubuhi moja, alipokuwa akipima maziwa, mumewe Lesikar alifika akihema.

"Soila, funika ndoo! Ushuru wa mauzo unaunganishwa. Maziwa yatatozwa sawa na viatu. Kesho soko zima tunagoma. Atakayefungua, tutamwaga bidhaa zake."

Soila alishtuka. Bei ikipanda, wateja watashindwa kununua. Lakini soko likifungwa, watoto watakunywa nini? Akamgeukia jirani yake, Mama Reshma, muuza viungo wa miaka mingi.

"Shikamoo, mama. Haya maneno ni ya kweli?"

"Marahaba, mwanangu. Tangazo la halmashauri nimelisoma. Bado ni pendekezo tu. Badala ya kutozwa huku na kule, wanataka tulipe mara moja tu, sehemu moja, kwa kiwango kimoja."

"Kulipa mara moja si vizuri?"

"Ni vizuri. Tatizo ni kiwango. Cha viatu anavyouza jirani yetu Yiamat kitashuka, chako kitapanda. Nawe utaongeza bei. Mwisho wa yote, atakayelipa ni mnunuzi."

"Basi tulikatae lote!" alisema Lesikar.

"Ukikataa lote, unakataa na uzuri wake. Ijumaa kuna mkutano wa kutoa maoni. Nendeni mkaseme kinachowaumiza."

 Lesikar akaenda kuwasihi wenzake wa sokoni wasubiri mkutano. Walinung'unika, lakini walikubali.

Siku ya Ijumaa ukumbi ulijaa. Soila alisimama.

"Hatukatai kulipa," alisema. "Hatukatai kulipa sehemu moja. Tunachokataa ni chakula cha mtoto kutozwa kama viatu."

Yiamat akainuka. Soila akaingiwa na hofu.

"Mimi pendekezo hili linanifaa," alisema Yiamat. "Lakini hata wanangu wanakunywa maziwa. Mama huyu amesema kweli."

Maoni yao yalisikilizwa. Utaratibu mpya ulipoanza, kila mfanyabiashara alilipa mara moja, sehemu moja. Vyakula vilibaki na kiwango chake cha zamani. Kile cha viatu kilishuka, ingawa si kama Yiamat alivyotarajia.

Asubuhi ya kwanza ya utaratibu huo, mwanamke mmoja alifika mezani kwa Soila, mtoto mgongoni. Alisimama mbali kidogo.

"Nasikia ushuru umebadilika. Maziwa yamepanda?"

"Hayajapanda," Soila alimjibu. "Lete chombo chako."