Kinyonga wa Jumapili

Televisheni ya Opondo haikuwa ya rangi. Kambi nzima ya wachuma chai, pale juu ya Kiptere, ilijua hivyo. Kwa hiyo Jumapili ile kinyonga mwekundu alipotokea kwenye kioo, watu waligeuka wakamtazama Opondo.

Opondo alikuwa fundi wa mashine kiwandani, na kila Jumapili baada ya ibada alionyesha video ukumbini. Alisema kaseti aliikuta tu ndani ya deki asubuhi hiyo. Watu wakacheka, wakaketi.

Ilikuwa katuni. Kinyonga alitambaa juu ya tawi huku kinubi kikilia polepole. Opondo alisikia nyatiti ya kwao ziwani. Wakipsigis waliapa kwamba ni chepkong ya babu zao. Kisha kinyonga akawageuzia macho, akanena kwa Kiswahili cha hapo hapo kambini. Ng'ombe wawili wanavuka mto, alisema, mmoja mwekundu, mmoja mweupe. Yupi aanguke? Inueni mikono.

Watoto walimchagua mwekundu. Muziki ukarukaruka, ng'ombe wa kuchorwa akatumbukia, ukumbi ukapiga makofi. Jumanne, ng'ombe mwekundu wa mzee Kipkemboi aliokotwa mtoni, shingo imevunjika.

Jumapili ya pili zilikuwa nyumba mbili, moja ya mlango wa buluu na moja ya kahawia. Safari hii hata watu wazima waliinua mikono, wengine kwa mzaha. Alhamisi nyumba ya Kiptum, ile ya mlango wa buluu, iliungua naye akiwa ndani.

Opondo aliichoma kaseti nyuma ya kiwanda. Jumapili ya tatu aliikuta ndani ya deki tena, ina joto kama mwili wa mtu. Mchungaji alikuwa amewakataza watu kwenda ukumbini, lakini ukumbi ulijaa kuliko siku zote. Kila mmoja aliogopa kwamba rangi yake itatajwa na yeye hayupo.

Janeffer na mdogo wake Rebeccah walikaa benchi la mbele. Walichuma chai mstari mmoja, na kuishi chumba kimoja na mama yao na watoto wawili wa Janeffer. Janeffer alivaa kitambaa cha njano kichwani, Rebeccah cha kijani.

Kinubi kilianza. Ukumbi ukanuka majani ya chai yaliyooza. Kwenye kioo walitokea wanawake wawili wakichuma chai, mmoja wa kitambaa cha njano, mmoja wa kijani, na hakuna aliyethubutu kuwatazama wale dada.

"Leo mkinyamaza mpaka wimbo uishe," kinyonga alisema, "nawachukua wote wawili."

Opondo aling'oa waya ukutani, lakini picha haikuzimika, na wimbo uliendelea, nyuzi zikilia kwa taratibu zaidi na zaidi, kijani kikimwagika kutoka kwenye kioo juu ya nyuso za watu, kisha njano, kisha kijani tena, huku wanaume wazima wakikalia mikono yao ili isije ikainuka yenyewe, na Janeffer akiwa amefumba macho, akijiambia kwamba ana watoto wawili na Rebeccah hana hata mmoja, kwamba watoto watalelewa na nani, kwamba Mungu anaona, mpaka nyuzi zikabaki mbili, ukabaki mmoja, na kinyonga akauliza kwa sauti ya chini, karibu kwa huruma, "Kijani?"

Janeffer aliinua mkono.

Alipofumbua macho kioo kilikuwa cheusi. Rebeccah alimshika bega, akamwambia waende nyumbani, watoto hawajala.

Jumatano walimkuta Rebeccah katikati ya mashina ya chai, kikapu kimejaa, mwilini hana hata alama moja. Ulimi wake tu ndio uliokuwa wa kijani.

Baada ya mazishi, Opondo alimleta Bitutu, mganga mzee kutoka upande wa Sotik. Mama yake Rebeccah alitaka kuwepo, na Janeffer akamshika mkono mpaka ukumbini. Bitutu alifukiza moshi, akalala kifudifudi mbele ya ile televisheni, akaliamuru jini liseme ni nani aliyelikabidhi yule msichana. Kinywa chake kilifunguka, lakini sauti haikuwa yake.

"Mikono miwili tu," ilisema. "Mmoja ulikuwa wake mwenyewe. Alijitoa ili dada yake abaki. Huo ungetosha. Ule wa pili sikuuhitaji, lakini niliufurahia."

Kioo kikapasuka. Harufu ya majani yaliyooza ikatoka kwa mlango, na mbwa wa kambi wakabweka kuelekea mtoni mpaka wakanyamaza. Bitutu aliinuka, akasema limekwenda. Kweli lilikuwa limekwenda. Halikurudi kambini tena.

Mama hakuuliza mkono wa pili ulikuwa wa nani. Aliutoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa Janeffer, akatafuta fimbo yake, akarudi nyumbani peke yake. Aliishi chumba kile miaka tisa zaidi, akila, akinywa chai, akiwalea wale wajukuu, na katika miaka hiyo yote hakupokea kitu chochote kutoka mkononi mwa Janeffer. Kilipaswa kuwekwa mezani kwanza.