Mkwe wa Mama Kidoti Aliyemfukuza Baba Pacha

— Jamani, mwalimu wa hesabu yuko wapi leo?

Mama Kidoti aliuliza akichungulia dirishani, utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni. Watoto walishajipanga mkekani, kati ya cherehani na kabati. Tangu shule zifungwe, wazazi wa mtaa walikuwa wamegawana kazi: yeye, fundi nguo na mjane, anafundisha kusoma, Baba Pacha, fundi umeme aliyeachwa na mkewe, anafundisha hesabu.

Simu yake ikaingia ujumbe wa Baba Pacha.

"Samahani Mama Kidoti. Sitakuja tena. Mtafute mzazi mwingine."

Juzi tu, watoto wakikusanya penseli, mtu huyohuyo alimnong'oneza, "Shule zikifunguliwa, nitapata kisingizio gani cha kuja hapa?" Mama Kidoti alicheka, akainamia cherehani, akashona mkono wa gauni ndani nje.

Akampigia.

— Nimekukosea nini?

— Hujanikosea.

— Basi ni maneno ya majirani?

— Ya majirani ningeyavumilia. Muulize Mama.

Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi naye tangu msiba wa mumewe, alikuwa jikoni akichambua mchele.

— Mama, umemwambia nini Baba Pacha?

— Nimemwambia asikanyage hapa.

— Amekuvunjia heshima?

— Angenivunjia, ningekuwa na la kusema! Ana adabu, watoto wanampenda, na wewe siku hizi unaimba ukipiga pasi. Mtu mbaya ungemfukuza mwenyewe.

— Sasa kosa lake liko wapi?

Ungo ukatulia mapajani mwa bibi.

— Mwanangu nilimzika. Wewe ukiolewa, utaondoka na Kidoti, mjukuu wangu. Mimi nibaki nikizungumza na kuta?

Mama Kidoti alikuwa ameingia na hasira za kupasua sufuria. Zikamyeyuka. Akaketi sakafuni, miguuni pa bibi.

— Ningekuacha wapi, Mama? Umenifungia mlango hata hujaniuliza kama natoka.

— Niliogopa.

— Na mimi naogopa. Nilikuwa naona haya hata kukwambia.

— Kuniambia nini?

— Kwamba nampenda.

Bibi akamtazama sana, kisha akajifuta mikono kwa khanga.

— Nipigie huyo mtu.

Mama Kidoti akapiga, akafungua spika; simu ikapokelewa kabla haijaita vizuri.

— Baba Pacha, nilikufukuza kwa choyo changu. Nisamehe, baba.

— Mama, hakuna neno...

— Nyamaza nimalize. Mkwe wangu unamtaka?

Huko sebuleni watoto wakasogea mlangoni, masikio wima.

— Namtaka, Mama.

— Na mimi kikongwe, utaniweka wapi?

— Pacha wangu hawana bibi. Nilikuwa natafuta maneno ya kuwaomba nyote watatu, ukanifukuza kabla sijayapata.

Mama Kidoti akafunika uso kwa viganja, akicheka na kulia kwa pamoja.

— Basi njoo, — bibi akasema. — Watoto wanasubiri hesabu.

Shule zilipofunguliwa, walioana. Siku ya kuhamia kwa Baba Pacha, gari lilipofika mlangoni, bibi ndiye aliyetangulia kupanda, akajiweka kiti cha mbele na bahasha yake ya dawa mapajani.

— Mama, hapo si pa bi harusi? — Baba Pacha akauliza.

— Bi harusi ana miguu mizima. Akae nyuma na watoto.