Bibi Niliyemkana

Kila nilipotoka shule, kabla sijaonja chakula, kazi yangu ilikuwa moja: kumtwangia bibi uraibu. Bibi Biasha alikuwa amebakiza meno manne tu, lakini hamu ya kutafuna haikumwisha. Basi nilikaa kizingitini na kinu kidogo cha chuma, nikatwanga jani la tambuu, popoo, chokaa na kipande cha tumbaku mpaka vikalainika. Bibi alivipokea kwa kidole, akavibana kwenye shavu la kushoto, akaanza kunisimulia habari za watu wote wa kijiji chetu cha Vihingo.

Siku moja, wakati wa kupanda mahindi, aliniita. "Mwanne, hebu nichungulie humu. Kuna kitu kinanikwaruza."

Nikachungulia. Ndani ya shavu palikuwa na doa jeupe, kubwa kiasi cha ukucha, na kando yake kidonda chekundu. Nikamwambia.

"Chokaa hiyo imeniunguza," akasema. "Wala hapaumi. Zidisha tumbaku, patakauka. Na usimwambie mtu. Kinywa cha mzee hakitangazwi."

Nikazidisha tumbaku. Mahindi yakaota, yakabeba, kidonda kiko pale pale, nami nazidisha tu.

Wakati huo Waingereza walikuwa bado wanatawala Tanganyika, na shule yetu ilikuwa haijawahi kumwona mganga wa meno. Jumatano moja akaja, Bwana Zahoro, kutoka Dar es Salaam. Mwalimu Hilario alitupanga mstari nje ya darasa. Mganga alitazama vinywa vyetu mmoja mmoja kwa kioo kidogo chenye mpini, na kila mtoto alimwuliza kama nyumbani kwao kuna mzee anayetumia tambuu au tumbaku.

Mbele yangu alikuwa Saburi. Alijibu kwamba babu yake hutafuna tambuu tangu asubuhi. Wenzetu wakaangua kicheko, mmoja akaigiza mzee anavyotema mate mekundu ukutani. Saburi akainamisha kichwa. Nilijua ukuta wetu ulivyo, nikaona haya kabla sijaulizwa.

"Na kwenu?" Bwana Zahoro akaniuliza.

"Hakuna," nikasema kwa sauti ya chini.

"Huna bibi wala babu?"

"Bibi alishakufa."

"Pole sana, binti," akasema, akaita mwingine.

Tuliporudi darasani alitueleza kwa nini aliuliza. Doa jeupe kinywani lisilofutika, alisema, au kidonda kilichopita wiki tatu bila kupona, huenda ni mwanzo wa saratani, hata kama hakiumi. Kikiwahiwa hukatwa na mtu akapona. Kikiachwa hula shavu, hula taya, mwisho humla mwenyewe. Wazee wote wenye dalili hizo wafike kesho katika zahanati ya Kisarawe, kwa sababu Ijumaa yeye anaondoka.

Sikusikia tena somo lolote siku hiyo. Nilikuwa nimemzika bibi yangu akiwa hai, tena kwa ajili ya kicheko cha watoto. Na ile tumbaku niliizidisha kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilipofika nyumbani, bibi alikuwa ameshaniandalia kinu. Nikakishika, mkono ukakataa kutwanga. Nikalia.

"Nani amekupiga?" bibi akauliza.

Nikamweleza yote, la kidonda na la uongo. Akasema, "Kumbe mimi marehemu. Na matanga yangu mlikula nini?"

Alikuwa anatania, lakini niliona kidevu chake kinatetemeka. Angenipiga kofi ningepata nafuu.

"Nisamehe, bibi."

"Kosa letu sote. Mimi ndiye niliyekufunga mdomo," akasema. Akakichukua kile kinu, akakiingiza uvunguni. "Kesho tunakwenda Kisarawe."

Asubuhi tulipanda lori la mihogo. Zahanati ilijaa wazee. Bwana Zahoro aliponiona alinikumbuka mara moja.

"Huyu mzee ni nani wako?"

Wazee wote waligeuka kunitazama. "Ni bibi yangu," nikasema. "Jana nilikudanganya. Nilimwonea haya."

Mganga alimwamkia bibi kwa heshima, akammulika kinywani kwa kurunzi, akalisugua doa kwa pamba. Halikutoka. Akabonyeza pembeni mwa kidonda kwa kidole, kisha akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa, Dar es Salaam.

"Kingechelewa miezi michache zaidi, ningeandika barua hii bila matumaini," akaniambia. "Sasa ninayo."

Baba ndiye aliyempeleka. Huko walikata kinyama kidogo wakakipima, kikawa ndicho kilichohofiwa, lakini kilikuwa bado kidogo. Wakakiondoa chote. Kwa wiki saba nililala kwenye kitanda cha bibi, nikimwomba Mungu asije akaufanya uongo wangu kuwa kweli.

Bibi alirudi amekonda, shavu limeingia ndani, na mdomo haufunguki sana. Wiki hiyo hiyo alijifunga khanga zake mpya, akaja shuleni bila kuniambia, akamwomba Mwalimu Hilario ruhusa ya kusema na darasa.

"Mimi ndiye bibi yake Mwanne," alisema, "yule aliyekufa."

Watoto wakacheka. Mimi machozi yakanitoka. Bibi akavuta mdomo kwa kidole, akawapitia wote dawati kwa dawati mpaka kila mmoja akaliona kovu, na kicheko kikaisha.

"Mkiona kidonda kinywani mwa mzee, semeni," akawaambia. "Atawakaripia. Atasema mmekosa adabu. Semeni tu. Huyu mjukuu wangu alinyamaza kwa kunistahi, kisha akadanganya kwa kuona haya, na yote mawili yangenipeleka kaburini. Aliposema kweli ndipo nilipopona."

Kisha akanishika mkono mbele ya wote, tukaenda nyumbani.