Uvimbe Usiouma

Watu wa soko la Mkuyuni walimjua Odeta kwa magauni ya kwaya. Kibanda chake cha ushonaji kilikuwa nyuma ya wauza mahindi. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Mumewe, Mihayo, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Walikuwa na binti mmoja, Gladness, aliyekuwa kidato cha pili.

Wiki ya Pasaka kazi zilikuwa nyingi. Jumamosi jioni Odeta aliingia kuoga akiwa amechoka. Alipokuwa akijipaka sabuni, vidole vyake viligusa kitu kigumu ndani ya titi la kushoto. Alirudisha vidole palepale. Kilikuwepo, kama punje ya mahindi. Alikibonyeza. Hakikuuma.

"Kisichouma hakina neno," alijiambia, akamaliza kuoga.

Hakumwambia Mihayo. Alikuwa amesikia maneno ya sokoni juu ya mama mmoja wa Igogo. Walisema alikatwa titi hospitali na mwezi haukuisha akafa. Odeta aliogopa kisu. Aliogopa pia kuwa mke mwenye titi moja.

Wiki mbili baadaye mama mkwe wake, Ng'washi, alikuja kutoka Bujora na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Alimkuta Odeta chumbani akibadilisha nguo, mkono ukiwa kifuani.

"Una nini hapo, mwanangu?"

Odeta alimwonyesha.

"Hilo ni jipu la ndani," alisema Ng'washi. "Kuna mizizi nitakuletea. Utapaka asubuhi na jioni."

Odeta alipaka dawa ile miezi miwili. Ngozi ilimwasha, lakini uvimbe haukupungua. Punje ya mahindi ikawa harage.

Siku moja mwezi wa sita, mama mmoja wa Kihaya alifika kibandani kupimwa gauni la harusi ya mdogo wake. Aliitwa Kokulinda. Alikuwa muuguzi katika kituo cha afya cha jirani. Odeta alimpima mabega, akampima kiuno, kisha akasimama na kalamu mkononi.

"Sista, nina rafiki yangu," alisema. "Ana uvimbe kwenye titi. Lakini haumuumi."

Kokulinda alimtazama kidogo, kisha akaketi kwenye kigoda.

"Ameuona lini?"

"Pasaka."

"Umeongezeka?"

"Kidogo."

"Mwambie rafiki yako kwamba kutokuuma si dalili nzuri wala mbaya," alisema Kokulinda. "Saratani ya matiti mara nyingi haiumi inapoanza. Ndiyo maana inatupita. Lakini mwambie pia kwamba uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Huwezi kujua kwa macho. Lazima upimwe."

"Anaogopa kukatwa. Kuna mama wa Igogo alikatwa akafa."

"Simfahamu huyo mama. Ila nimewaona wengi waliokuja kwetu titi limeshakuwa kidonda. Walikaa nyumbani mwaka mzima. Mtu wa hivyo akifa, watu husema kisu kimemuua. Kilichomuua ni ule mwaka."

Odeta alikunja futi yake ya kupimia, akaikunjua tena.

"Si ugonjwa wa wazee huo?"

"Hata wazee wanaupata. Lakini sisi wanawake wa Kiafrika wengi tunaupata bado tuna umri kama wako, na mara nyingi ni ule unaokimbia, unaoenea haraka. Kwa hiyo tusisubiri. Ukiona uvimbe kwenye titi au kwapani, nenda. Ukiona ngozi imebonyea au imekuwa kama ganda la chungwa, nenda. Chuchu ikizama ndani, au ikitoa damu, nenda vilevile."

"Na kama huyo rafiki anaogopa?"

"Aje hivyohivyo na woga wake," alisema Kokulinda kwa upole. "Jumanne nipo zamu asubuhi. Mwambie aniulizie mimi."

Jumanne asubuhi, Mihayo alipokuwa akinywa chai, Odeta alimweleza kila kitu. Mihayo aliweka kikombe chini.

"Tangu Pasaka?"

"Tangu Pasaka."

"Na mama anajua, mimi sijui."

"Nilidhani utaniona si mwanamke tena."

Mihayo alitoka nje. Odeta alimsikia akizungumza kwenye simu. Alibaki ameinamisha kichwa, akijua amemuumiza. Mihayo aliporudi, alikuwa akitafuta shati lake safi.

"Nimemwambia mwenye geti asubiri," alisema. "Vaa, twende."

Kokulinda alimpima Odeta kwa mikono, matiti yote mawili na makwapa. Hakutaja rafiki. Daktari wa kituo aliandika barua ya kwenda hospitali ya rufaa. Huko walimpiga picha ya ultrasaundi, kisha wakatoa kinyama kidogo kwa sindano. Majibu yalichukua wiki mbili. Katika wiki hizo Odeta alishona sare za shule, akakosea na kufumua mishono mingi.

"Ni saratani," alisema daktari. "Lakini bado ni ndogo, na hatujaiona kwingine. Tutaondoa uvimbe na nyama kidogo pembeni yake. Wengine tunalazimika kuondoa titi lote, nao wanaishi. Wewe umewahi."

Baada ya upasuaji zilifuata dawa za dripu, kisha mionzi. Ilikuwa kazi ngumu. Nywele zilinyonyoka. Kuna siku alitapika hata maji. Ng'washi alihamia Mkuyuni kumpikia uji. Siku moja alikaa na kikombe cha uji mkononi bila kumpa.

"Mimi ndiye niliyekuchelewesha," alisema.

"Sote tulikuwa hatujui, mama."

"Sasa mimi najua. Na matiti yangu mimi nani ameyaangalia?"

Ng'washi alikuwa na miaka sitini na minane. Alikuwa hajawahi kuvua blauzi mbele ya mhudumu wa afya, ila wakati wa kuzaa. Kokulinda alimpima kituoni nyuma ya pazia, Odeta akiwa amemshika mkono. Hakukuwa na uvimbe. Kisha alimfundisha kujipima: kusimama mbele ya kioo na kutazama, halafu kulala na kupapasa titi lote kwa vidole vitatu, mpaka kwapani.

"Mwanamke anayepata hedhi ajipime siku chache baada ya kumaliza," alisema. "Wewe, mama, chagua tarehe moja kila mwezi. Ukiona mabadiliko, usingoje mwezi mwingine. Na hata usipoona kitu, njoo upimwe na mhudumu kila mwaka."

"Ndiyo kwisha?" aliuliza Ng'washi, akifunga vifungo.

"Ndiyo kwisha."

Sasa ni mwaka wa pili tangu Odeta amalize matibabu. Anakwenda kliniki kila tarehe anayopangiwa. Safari ya mwisho daktari hakuona dalili ya ugonjwa. Nywele zimeota, na magauni ya kwaya yamejaa kibandani.

Mwezi uliopita Kokulinda alifika kazini saa moja asubuhi akakuta benchi la nje limejaa. Wanawake saba kutoka Bujora walikuwa wamekaa, wamejifunga khanga, wamebana mikoba mapajani. Ng'washi, aliyekuwa amewaleta, alisimama, akamwonyesha aliyekaa mwisho.

"Anza na huyu," alisema. "Ana kitu kwapani tangu wiki iliyopita. Nimemkataza kungoja."