Pakiti Nyekundu Mtaroni

Mimi ni fundi wa kushona. Cherehani yangu iko karibu na ukuta, na nyuma ya ukuta huo anaishi Mama Karanga. Kila asubuhi nasikia mwiko wake ukikwaruza sufuria. Yeye anakaanga karanga, mumewe anapima, binti yao anafunga pakiti kabla ya kwenda shule. Ada ya binti inatoka kwenye sufuria hiyo hiyo.

Zamani aliziuza katika mifuko myeupe isiyo na jina. Dukani hakuna aliyezitazama. Basi akachapisha pakiti nyekundu zinazong'aa, zenye jina TAFUNA kwa herufi kubwa. Alikuja mbio kunionyesha.

"Jirani, tazama! Hata kipofu ataiona!"

"Kizuri chajiuza," nikamwambia.

Na kweli ziliuzwa. Zilikuwa pakiti ndogo, unatia mkono mara mbili zimekwisha. Watoto walikula wakatupa. Wakubwa, na akili zao timamu, nao walikula wakatupa. Mtaro wa maji ya mvua uko hapo hapo mbele ya milango yetu.

Mvua kubwa ilinyesha mchana mmoja, nikiwa nimepeleka nguo kwa mteja. Mama yangu alikuwa amelala chumba cha chini. Hakuweza kutembea tangu alipopata kiharusi. Maji ya mtaro yalishindwa kupita, yakarudi nyuma, yakaingia kwetu. Mume wa Mama Karanga ndiye aliyevunja mlango na kumbeba mama mgongoni. Maji yalikuwa yamepanda juu ya kitanda. Mama alikuwa ameyanywa, maji yale machafu. Akahara, akatapika, tukamkimbiza hospitali. Hakurudi. Mama ni mama, jamani. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Baada ya mazishi, watu wa mtaa walishika majembe wakazibua mtaro. Ndani yake mlikuwa na uchafu wa kila aina. Lakini matambara yalikuwa yameoza, na makopo yameliwa na kutu. Kitu kilichobaki kizima, chekundu kama kimetoka dukani jana, kilikuwa pakiti za TAFUNA. Zilitoka jembe baada ya jembe. Kila mtu alilisoma lile jina.

Mama Karanga alikuwa pale na jembe lake. Nilimsogelea.

"Ulitaka zionekane," nikamwambia. "Haya, zimeonekana."

Akaanza kulia. Sikumbembeleza.

Watu wakaacha kununua. Wenye maduka wakazitoa pakiti zake rafuni. Mwiko ukanyamaza. Nyuma ya ukuta nilimsikia binti akiuliza, "Mama, nitarudi shule lini?"

Siku moja Mama Karanga alibisha hodi. Alishika pakiti mpya. Ilikuwa ile ile nyekundu, ila sasa ilikuwa na picha ya jani la kijani.

"Mchapaji amenishauri," akasema kwa sauti ndogo. "Anasema watu wakiona jani watajua tunajali mazingira."

Hasira ikanipanda. "Hilo jani ndilo litakalozibua mtaro? Toka hapa na jani lako!"

"Fundi, mwache aketi," akasema Bibi Afya. Huyu ni mfanyakazi wa afya wa mtaa wetu. Alikuwa kwangu akikagua maji ya kunywa.

Aliichukua pakiti akaichana. "Tazameni. Nje ni plastiki, ndani kuna utando wa rangi ya fedha, kisha plastiki tena. Vimegandana. Huwezi kuvitenganisha, kwa hiyo wanaonunua taka hawaitaki. Haiozi. Ukiichoma, moshi wake ni sumu. Jani la kuchora halibadilishi kitu."

"Nitumie karatasi, basi?"

"Karanga zina mafuta. Zikikaa kwenye karatasi, mafuta yanapenya na hewa inaingia. Zitachacha. Tumia chupa ya kioo yenye mfuniko. Mteja analipia karanga pamoja na chupa. Akiirudisha, anarudishiwa hela ya chupa."

"Na watoto wa shule? Hao hawanunui chupa."

"Wachotee kwenye kopo, uwawekee kwenye karatasi safi isiyo na wino. Wale pale pale, na pipa la taka liwe miguuni pako."

Mama Karanga alitikisa kichwa. "Chupa haing'ai, Bibi Afya. Nani ataiona?"

"Dukani kila kitu kinang'aa," akajibu Bibi Afya. "Kinachong'aa katikati ya vinavyong'aa, nani anakiona? Weka lebo moja nyeupe, herufi nyeusi. Andika jina, kilichomo, tarehe, na maneno 'Rudisha chupa'. Mteja azione karanga zenyewe."

"Na jina nilibadilishe?"

"Ukilibadilisha, watu watasema umejificha. Libaki. Rekebisha, waone."

Haikuwa rahisi. Chupa za kwanza alizifunika karanga zikiwa za moto. Mvuke ukabaki ndani, karanga zikaota ukungu, akazitupa zote. Karanga zenye ukungu haziliwi, hata ukizikaanga upya. Tangu hapo anaosha chupa kwa maji ya moto na sabuni, anaziacha zikauke kabisa, na karanga anaziacha zipoe. Wenye maduka anawaomba chupa zisikae juani.

Walioanza kununua walikuwa wachache. Kisha mwenye duka la kona akaja mwenyewe. "Wateja wanauliza ile ya chupa iko wapi. Niletee nyingine." Chupa tupu zikaanza kurudi, na wateja wakarudi nazo. Binti akavaa tena sare ya shule. Niliishona mimi. Msiniulize kwa nini. Mtoto hana kosa.

Sasa kila nyumba ina pipa lenye mfuniko, na kila wiki tunasafisha mtaro pamoja.

Juzi mvua kubwa ilirudi. Mama Karanga alikuja akasimama nami mlangoni. Maji yalikuja mengi, ya kutisha. Yakafuata mtaro, yakapita, yakaenda zake.

"Yamepita, dada," akasema, akanishika mkono.

Nikamwacha aushike. Chumba cha chini kilikuwa kikavu, na hakikuwa na mtu.